Zambarau Inayokamwa kwa Konokono

Tangu nirudi sijapita Porte de Namur, hapa Brussels, hata mara moja bila mmoja wenu kunishika mkono na kuniuliza, "Alors, Mexique? Haya, Mexico vipi?" Nikianza tu kujibu, basi linafika, au anatokea mtu na habari za nyumbani, na simulizi yangu inakatwa kichwa. Wengine mmekwisha kuambiwa kwamba nilifukuzwa kijijini kwa sababu ya kula konokono. Si kweli, ingawa si uongo mtupu. Basi nimekaa nikaandika, ili atakayeniuliza tena nimkabidhi karatasi hizi nami niende zangu. Habari za viza na tiketi naziruka. Sote tuna pasipoti za Zaïre, hakuna nitakalowafundisha.

Kutoka Ixelles hadi Zaventem

Mnanijua kwa kazi yangu: harusi, ubatizo, komunyo ya kwanza. Nimepiga picha za keki hadi nimechoka kuzila. Wakati wa Kwaresima harusi hakuna, na kila mwaka kipindi hicho mimi hukaa nyumbani nikifuta lenzi na kugombana na mke wangu.

Aliyenitoa nyumbani ni Masera Godelieve. Ni mtawa Mbelgiji, Mflamini, mzaliwa wa kijiji kimoja karibu na Gand, aliyenifundisha katekisimu Bukavu. Alikaa Kivu muda mrefu mno, hata Kiswahili chake kikawa cha mtaani kwetu Kadutu kabisa. Baadaye shirika lake lilimhamishia kusini mwa Mexico, kwenye kijiji cha Wamixteki, wenyeji wa asili wa milima ile. Kila Noeli huniandikia. Safari hii alinisimulia kwamba wanaume wa kijiji chake hushuka hadi baharini, humbandua konokono kwenye jabali, humkama maji yake juu ya uzi mweupe kama mtu anayemkama mbuzi, kisha humrudisha jabalini akiwa hai. Uzi ule hugeuka zambarau mbele ya macho yako, na haupauki mpaka unazikwa nao.

Bibi mmoja mwenye ukumbi mdogo wa maonyesho karibu na Flagey aliniahidi ukuta mzima, mradi nimletee picha za uzi huo ukigeuka rangi. Hicho ndicho nilichokifuata. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kutundika picha yangu mahali pengine ila sebuleni kwake.

Usiku wa kufunga mizigo mke wangu, Mama Grâce, akatia albamu yetu ya picha ndani ya begi la kamera. Nikaitoa. Akairudisha.

"Utaenda kwa bantu bule bule?" akasema. "Batajua je kama weye uko mutu wa bantu?"

"Mama Grâce, niko naenda kazi."

"Bon, kazi. Na kule kazini kuko bantu ao hakuna?"

Mnajua desturi yetu. Mgeni akiingia, chakula kikiwa bado jikoni, anapewa albamu: huyu ni marehemu baba, huyu ni shangazi wa Uvira, hapa ni siku ya ubatizo. Akimaliza kurasa, sufuria nayo imeiva. Mama Grâce aliona kwamba mimi ndiye mgeni ninayeingia nyumba ya watu wasionijua, kwa hiyo ni wajibu wangu kuwapelekea sura zetu. Sikuona kosa lolote katika hilo, na nikiri kwamba mpaka leo naona alikuwa na haki.

Jiji la Mexico, bila nguo

Tulipita Amsterdam. Mimi nilifika, begi la nguo halikufika. Kamera nilikuwa nimeipakata tangu uwanja wa ndege wa Zaventem, kwa hiyo nilikuwa na kila kitu cha kufanyia kazi isipokuwa suruali ya pili. Nilisubiri begi katika hoteli iliyo karibu na kituo cha mabasi, nikifua shati jioni na kulivaa bichi asubuhi.

Juu ya paa la hoteli hiyo ndipo nilipopiga picha ya kwanza ya safari. Upepo ulikuwa umefagia moshi wa jiji, na kwa mbali ukaonekana mlima mkubwa wenye theluji, nao unatoa moshi wake. Popocatépetl ulikuwa umelala kwa miaka mingi na sasa umeamka. Mwanamke aliyekuwa akianika mashuka aliniona nikihangaika na lenzi. Akaelekeza kidole mlimani, akaniigizia mzee anayevuta sigara, akarudi kwenye mashuka yake. Nimesoma Goma, chini ya Nyiragongo, na huko nako watu huanika nguo mlima ukitoa moshi. Nilijisikia nyumbani kwa mara ya kwanza tangu nishuke ndege.

Sokoni walikuwa wanauza panzi wa kukaangwa, wekundu kwa pilipili, wamerundikwa kwenye beseni. Muuzaji alinionjesha mmoja huku akiwakonyeza wenzake, akisubiri mgeni ateme. Nilikula kiganja kizima, nikanyoosha mkono kuomba cha pili. Walionekana kuvunjika moyo kidogo. Mtu aliyekulia kwenye senene humtishi kwa panzi.

Begi lilipofika, lilikuwa na kibandiko cha Lima.

Basi la milimani

Kutoka mji wa Oaxaca kushuka pwani, barabara inajikunja kama utumbo. Jirani yangu alikuwa mama mnene mwenye bata mzinga kapuni. Kila kona bata mzinga alinitazama, nami nilimtazama, na sote wawili tulikuwa na hali mbaya. Mama yule alinikatia ndimu, akainyunyizia chumvi, akanipa ninyonye. Ilinisaidia kuliko vidonge vyangu vya duka la dawa. Aliniuliza kama mimi ni Mkuba. Nilisema Afrika, akacheka kwa wema, kama mtu aliyeambiwa mzaha usiochekesha sana.

Mawe yalikuwa yameporomoka barabarani. Tukashuka wote. Kwa dakika chache tu wanawake wakawasha moto, wakapasha chapati za mahindi, na wasafiri wakawa kijiji. Juu yetu tumbusi walizunguka. Kwenye ukingo wa barabara mjusi mkubwa wa kijani, mwenye miiba mgongoni, alikuwa akiota jua. Nilimkaribia kwa magoti nikampiga picha sita nzuri sana. Nilipogeuka, nyuma yangu wanaume watatu walikuwa wamesimama na jiwe mkononi, wakinisubiri kwa adabu nimalize. Wao walikuwa wameona chakula cha jioni. Mjusi alitusikia sote, akaondoka.

Chini zaidi wanajeshi walisimamisha basi. Walikuwa wakitafuta mayai ya kasa, maana kuyachukua kumepigwa marufuku. Mmoja alifungua begi langu, akakuta vikopo vingi vya filamu, akaanza kufungua kimoja juani, na mwanga ukiingia filamu imekufa. Nilipiga kelele ambayo sikujua kwamba ninayo. Bunduki zikainuka. Mama wa bata mzinga ndiye aliyeshuka, akamsema yule askari kama mwanawe, akarudisha kikopo begini, akanishika mkono kunirudisha kwenye kiti. Sikuelewa neno, lakini nilielewa kwamba nami nilikuwa nimesemwa.

Mji wa mwisho kabla ya kijiji ulinipa jambo jingine. Kando ya pwani ile wako watu weusi, wa tangu enzi za utumwa, nami sikuwa nimeambiwa. Mzee mmoja mweusi kama mimi alinisemesha kituoni. Nilipobaki namtazama, akadhani naringa. Alirudia kwa sauti kubwa zaidi, akatikisa kichwa, akahama benchi. Jambo hilo liliniuma kuliko bunduki zile.

Kijijini: albamu

Masera alinipokea akiwa amevaa ndala na kofia ya majani. Amezeeka, amekauka, macho yale yale.

"Désiré! Umenona. Brussels iko nakulisha."

"Shikamoo, Masera."

"Marahaba. Acha bya shikamoo, shika ile mufuko. Gari iko nangoja."

Alinipeleka moja kwa moja nyumbani kwa Don Abundio, mtu wa makamo, mfupi, mikono yake imepakwa zambarau kwenye mikunjo ya vidole, kama fundi makanika mwenye mafuta yasiyotoka. Mkewe, Doña Tomasa, alikuwa amekaa chini akifuma. Upande mmoja wa mtambo wa kufumia ulifungwa kwenye nguzo, upande mwingine umezunguka kiuno chake, akiegemea nyuma nyuzi zinakaza. Binti yao Lucina alikuwa anakaribia kuolewa, Jumapili baada ya Pasaka.

Masera alinieleza jambo hilo vizuri, maana ndilo lililokuwa likiwanyima usingizi. Bibi harusi wa kule huvaa nguo ya kujifunga kiunoni, kama kikwembe chetu, yenye mistari myekundu, buluu na zambarau. Inaunganishwa kwa vipande vitatu. Viwili Doña Tomasa alikuwa amekwisha kuvifuma, kwa nyekundu na buluu tu. Cha tatu, cha katikati, kilisubiri zambarau ya baharini, kwa sababu nyuzi zote za kipande hutandikwa pamoja kabla ufumaji haujaanza. Don Abundio alitaka vitita vitatu vya uzi. Kesho yake alfajiri alikuwa anashuka pwani kwa lori na nduguze wawili, na mimi ningekwenda nao.

Ikawa jioni, maharage yapo motoni. Nikaona huu ndio wakati. Nikatoa albamu.

Ilikwenda vizuri sana. Walimcheka baba yangu na suti yake. Doña Tomasa aliweka kidole juu ya vitenge vya ubatizo wa mtoto wetu Grâce, akamwita Lucina aje aone. Don Abundio alifungua ukurasa mwingine, akakomea hapo. Ni ile picha ya soko la Flagey, Jumapili: mimi na Mama Grâce mbele ya mkokoteni wa mwuza konokono wa bahari, bakuli linafuka mvuke, nimemchomoa mmoja kwa kijiti, nimefungua mdomo. Nacheka, kwa kweli nimependeza.

Alitazama kwa muda. Akamwuliza Masera kilichomo bakulini. Masera, Mflamini aliyelelewa kwa vitu hivyo, alijibu kwa furaha na kuonyesha kwa mikono jinsi vinavyochemshwa, na pilipili manga. Don Abundio akafunga albamu taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili. Tukala. Maharage yalikuwa mazuri.

Kusubiri

Asubuhi niliamka, nikafunga begi, nikatoka nje. Lori halikuwepo.

"Bameenda," akasema Masera. Alikuwa amekaa kizingitini mwa nyumba yake, akichambua mchele.

"Bameenda wapi?"

"Ku bahari. Saa ile ulikuwa nalala."

"Masera, balisema tutaenda wote!"

"Balisema mbele ya kuona ile foto."

Akanieleza. Miaka ya nyuma walikuja watu wa kampuni moja ya ng'ambo. Walikuja wakitabasamu, wana kamera, wana zawadi, wakaomba tu kuonyeshwa. Baadaye wakarudi na vibarua, wakawakama konokono bila kuwapumzisha, wakawatupa juani wafe. Wazee walihangaika mpaka serikali ikaamua kwamba wanakijiji peke yao ndio wenye haki ya kukama. Kampuni ikaondoka. Sasa wamekuja wengine: wapiga mbizi, wanaobandua konokono kwa magunia na kuwauza mikahawani.

"Na weye," akasema Masera, "unafika na camera, na zawadi, na foto uko nakula konokono, tena uko nacheka. Ungekuwa ni weye, ungefikiri nini?"

"Mimi niko mutu ya mariage, Masera! Niko napiga foto za gâteau, keki ya harusi!"

"Mi najua. Beye habajue. Na usipandishe sauti, mchele haina kosa."

Nilikuwa na hasira, sifichi. Nilikuwa nimevuka bahari, nimelala na shati bichi, nimeelekezewa bunduki, na sasa naachwa kwa sababu ya kitafunwa cha Jumapili. Nilikwenda kutembea, nikarudi, nikakuta hasira imebaki pale pale ikinisubiri.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Doña Tomasa alinipa mahindi ya kupukuchua. Alinipa bila uchungu na bila tabasamu, kisha akanigeuzia mgongo, na kamera ilipotoka begini akaufungua mtambo na kuingia nao ndani. Lucina peke yake ndiye aliyekuja kukaa karibu. Alimwomba Masera aniulize kama konokono wa kwetu wana zambarau. Nikasema hawana. Akauliza katika harusi za kwetu bibi harusi huvaa nini. Nikasema nguo nyeupe, inakodiwa, inarudishwa dukani Jumatatu. Alifikiri nimekosea, akamtaka Masera aulize tena.

Siku zikapita. Masera ndiye aliyechoka kwanza.

"Twende," akasema. "Mahindi imeisha, utaanza kupukuchua siye."

Majabalini

Basi likatushusha kando ya barabara, tukatembea kwenye vichaka vikavu mpaka bahari ikafunguka chini yetu. Pwani ile si ya mchanga. Ni majabali meusi, yanayopigwa na mawimbi ambayo hayana utani. Don Abundio na nduguze walikuwa wamefunga turubai katikati ya miamba. Aliniona, hakushangaa. Akaelekeza kidole kwenye jiwe moja tambarare, mbali, juu: pale. Kisha akaelekeza kidole kwenye begi la kamera, akatikisa kichwa.

Nikakaa. Masera akakaa kando yangu na rozari yake. Ndege aina ya mwari walipita kwa mstari, wakijitupa majini mmoja mmoja. Kwa mbali nyangumi alipumua, mara mbili. Begi lilikuwa limefungwa miguuni pangu. Mtu asiyekuwa mpiga picha hawezi kujua maumivu hayo, na aliye mpiga picha hahitaji kuelezwa.

Kazi yenyewe niliiona kutoka kule juu. Maji yakipwa, wanaume hushuka kitita cha uzi kikiwa kimevikwa mkono wa kushoto. Konokono hubanduliwa kwa kijiti, hupulizwa kidogo, hutoa maji meupe, nayo hupakwa kwenye uzi. Kisha hurudishwa kwenye ufa wenye kivuli, anarushiwa maji ya bahari kwa kiganja. Ndipo mtu huruka jiwe jingine kabla wimbi halijamkuta. Asiyerudisha konokono kivulini anamwua, maana jua la pale linachoma.

Siku iliyofuata walikwenda ghuba ya pili na kurudi mapema. Ndugu mmoja alikuwa amekunja shati lake na kubeba makombe yaliyopasuliwa ndani. Don Abundio akanipungia mkono nishuke. Nilishuka na begi, hakunizuia, akanitangulia kwenda ghuba ya pili.

Nyuma ya mwamba wa ghuba ile palikuwa na lundo la makombe matupu, lenye kimo cha goti langu, yamepasuliwa kwa mawe. Nzi. Harufu ya kitunguu saumu, ndiyo ya maji ya konokono, na ya uozo. Majabali yote ya kuzunguka yalikuwa yamesuguliwa, hakuna kilichobaki. Don Abundio alisema maneno machache, na Masera akanitafsiria. Tangu safari hiyo, kichwani mwangu Don Abundio anaongea Kiswahili cha Bukavu.

"Anasema: piga hii."

Nilipiga lundo kwa karibu na kwa mbali. Nilimwomba asimame kando ili ukubwa uonekane. Alikataa, akavua kofia yake akaiweka pale, akasogea nje ya picha. Hakuniomba radhi wala mimi sikumwomba. Alihitaji mpiga picha, na mpiga picha aliyekuwepo ni mimi.

Baada ya hapo sikuzuiwa tena. Walihamia majabali ya mbali zaidi, yenye mawimbi makali, ambako konokono wachache walibaki. Nililala kifudifudi juu ya mwani, Masera amenishika mshipi wa suruali nisiteleze. Na nikaipata. Uzi ukiwa mweupe, maji ya konokono yakaufanya manjano, manjano ikawa kijani kibichi, jua likaupiga, ikaingia buluu, na kutoka ndani ya buluu ikatoka zambarau. Nilikuwa nafurahi kama mjinga.

Kitita kimoja hakikujaa hata nusu, na konokono wakaisha. Yaani, wa kukamwa wakaisha. Chini kidogo niliwaona wengine wengi, wamejipanga ufani.

"Masera, mbona wale?"

"Wale balikamwa mwezi ule ulipita. Beko napumuzika."

Jua lilikuwa limeanza kulainika, mwanga ule tunaoungoja mwaka mzima, na mkanda wangu wa filamu ulikuwa na picha tatu zilizobaki.

"Moja tu," nikasema. "Ya foto. Mwambie."

"Siseme hiyo neno."

Lakini Don Abundio alikuwa ameona kidole changu kinakoelekea. Alinitazama, kisha akawatazama wale konokono. Mtu huyu alihitaji vitita vitatu na hata nusu ya kimoja hakuwa nayo, na Pasaka ilikuwa inakaribia. Aliuvua uzi mkononi, akauzungusha ndani ya kofia ili usilowe, akaanza kukunja turubai. Nikatumia picha zangu tatu kwa turubai.

Kurudi kijijini

Picha za lundo zilisafishwa mjini, kwenye duka moja kando ya soko, na zilitoka vizuri. Don Abundio alizipeleka kwa afisa wa uvuvi, akiwa amevaa shati safi. Alirudi mikono mitupu. Masera alimwuliza afisa amesema nini.

"Amesema foto ni nzuri," akatutafsiria. Zilikuwa zimeingia kwenye mtoto wa meza.

Doña Tomasa alipima uzi wa mumewe kwa kuuzungusha kati ya kidole gumba na kiwiko. Alipomaliza aliukunja, maana haukutosha. Kisha alikwenda sokoni akarudi na uzi wa kiwandani, zambarau pia, laini, usio na harufu. Wanawake wengi wa kule siku hizi hutumia huo, hakuna aibu. Lakini niliona alivyoutua chini, kama mtu anayetua mzigo wa mwenzake. Akatandika nyuzi za kipande cha katikati: nyekundu, buluu, zambarau ya duka, nyekundu tena, na katikati kabisa mstari mmoja wa zambarau ya bahari, upana wa kidole. Akafunga mkanda kiunoni, akaanza. Safari hii kamera ilipotoka hakuondoka.

Nilipaswa kurudi Brussels kwa ubatizo wa mtoto wa rafiki yetu mmoja mnayemjua, ambaye hajanisamehe. Nilipiga simu kutoka posta.

"Uko nabakia kule kufanya nini?" akauliza Mama Grâce.

"Mariage."

Mashine ya posta ikaendelea kuhesabu pesa yangu. "Papa Grâce, mariage ziko hapa pia."

Ukuta wa Flagey niliupata niliporudi, mnajua, mlikuja mkanywa mvinyo wa watu na kumaliza karanga. Picha za uzi zilipendwa, mbili zilinunuliwa. Lundo la makombe lilitundikwa karibu na mlango wa choo, na waliolitazama walikuwa wale waliosubiri zamu. Sijui kama nilistahili kugomba na yule bibi. Sikugomba.

Jumapili baada ya Pasaka

Harusi ni kazi yangu, kwa hiyo siku ile sikuhitaji mkalimani. Muziki wa tarumbeta, watoto miguuni, mashangazi wanaotaka kuwa mstari wa mbele, bwana harusi aliyefungwa kola hadi anatoa jasho: nimeyaona yote hapa Brussels, Chaussée de Wavre. Niliwapanga uani mwa kanisa kwa ishara, na kila mtu alitii, hata Don Abundio, aliyekuwa amesimama wima kama anayepimwa urefu.

Lucina akatoka. Nguo ilikuwa imemshika kiunoni vizuri, mistari imemzunguka, vipande vitatu vimeungana hata mshono hauonekani. Nilipomkaribia kupima mwanga, nilisikia ile harufu ya majabali, hafifu, ya kitunguu saumu na chumvi. Mashemeji walikuwa wanamtania juu ya harufu hiyo, naye alicheka nao.

Nikamweka kando ya mumewe. Mkono wa kulia umshike bwana, wa kushoto ushike maua. Alimshika bwana. Maua akampa mama yake, na kiganja cha kushoto akakilaza nyongani, vidole vimenyooka, juu ya nguo.

Nikadhani anaficha doa. Bibi harusi wote huwa na doa. Nikamwashiria aushushe mkono. Akaushusha. Nikarudi nyuma ya kamera, nikaangalia, mkono umerudi pale pale. Nikamwashiria tena, safari hii kwa ukali kidogo, maana jua lilikuwa linapanda. Alisema kitu.

"Anauliza," akasema Masera, "kama foto yako inaweza onyesha ni mustari gani ya bahari na ni gani ya duka."

Nikatazama ndani ya lenzi. Nikakaza macho, nikasogea, nikarudi. Mistari ya zambarau ilikuwa mingi na yote ilikuwa sawasawa.

"Mwambie haiwezi."

Masera akamwambia. Lucina alitikisa kichwa kukubali, bila huzuni, kama mtu aliyejua tangu mwanzo. Mkono hakuuondoa. Akautengeneza tu, akakunja vidole vingine, akaacha kimoja kimelala juu ya mstari wake wa bahari, kuanzia kinapoanzia kiganjani hadi ukucha, akainua uso akatazama kamera.

Nikapiga.